MIZANI YA MWILI: NANI HUUZIMA MOTO WA MARADHI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Ni nyumba chache katika mitaa yetu ambazo hazina mtu mwenye maradhi ya muda mrefu. Huyu ana pumu, na usiku hulala ameketi. Yule ni bibi ambaye vidole vyake huamka vimevimba na vigumu, hawezi kushika kikombe cha chai mpaka jua lipande. Mwengine ni kijana anayeharisha damu; hutulia mwezi mmoja, kisha hali ikarudi. Wakipelekwa hospitali wakapimwa, mara nyingi haonekani mdudu wa malaria wala bakteria wa kuuawa kwa dawa. Hapo maneno huanza. Wa kwanza husema ni jicho la watu, wa pili husema amelogwa, na wa tatu hukimbilia duka la dawa kununua vidonge ambavyo jirani alivimeza akapata nafuu.

Makala hii tumeiandika kwa ajili ya nyumba hizo. Tutaeleza maradhi haya yanavyoanza, kwa nini hayaishi, na kazi ya protini ndogo ziitwazo saitokini za kutuliza, ambazo Allah (S.W.) amezijaalia kuwa wazimaji wa moto ndani ya miili yetu. Msomaji akishalifahamu jambo hili, atajua pia kwa nini baadhi ya dawa hazifai kuchezewa.

MCHOCHOTA NI NINI?

Mtoto akichomwa na mwiba mguuni, baada ya saa chache mahali pale huwa pekundu, huvimba, huwa na joto na huuma. Dalili hizi nne ziliandikwa na Mrumi aitwaye Celsus takriban miaka 2000 iliyopita. Baadaye mwanachuoni wa Kiislamu Ibn Sina (980-1037) alizungumzia kwa urefu aina za uvimbe, kwa Kiarabu waram, katika kitabu chake cha tiba kiitwacho Al-Qanun. Hali hiyo ya wekundu, uvimbe, joto na maumivu kwa pamoja ndiyo tunayoiita mchochota.

Watu wengi hudhani kuwa mchochota ndio ugonjwa wenyewe. Kwa asili yake mchochota ni ulinzi. Mishipa midogo ya damu hutanuka ili damu nyingi ifike, ndiyo maana mahali hapo huwa pekundu na pa moto. Kuta za mishipa hulegea ili maji na chembe nyeupe za damu zitoke ziende penye jeraha, ndiyo maana huvimba. Chembe nyeupe hula vijidudu na kusafisha uchafu. Kazi ikisha, uvimbe hunywea, ngozi hujifunga na mtoto hurudi kucheza.

Mchochota wa namna hii, wa siku chache, ni neema. Taabu inakuja pale unapoendelea kwa miezi na miaka hali ya kuwa hakuna adui wa kupigwa. Huo huitwa mchochota sugu. Chembe zilizoumbwa kuua vijidudu hubaki zikimwaga sumu zake juu ya viungo vya mwenyewe: magoti na vidole, njia za pumzi, ukuta wa utumbo au ngozi.

SAITOKINI: WAPIGA MBIU WA MWILI

Wazee wetu walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika mwili pia kuna mbiu. Chembe hai hazina macho wala masikio. Huambiana habari kwa kutoa protini ndogo ambazo husafiri mpaka zikakutana na chembe nyengine yenye kipokezi kinacholingana nazo, mfano wa ufunguo na kitasa. Protini hizo za kupeleka habari ndizo saitokini.

Zipo saitokini za kuchochea. Mashuhuri miongoni mwake ni TNF, intalukini 1 (IL-1) na intalukini 6 (IL-6). Zikitolewa penye jeraha, chembe nyeupe hukusanyika. Zikizidi na kuingia kwenye damu, habari hufika kwenye ubongo. Homa hupanda, hamu ya kula huondoka na mgonjwa hutaka kulala. Kwa hiyo homa huwashwa na mwili wenyewe baada ya kupata habari ya adui. Hapa tunaikumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) aliwafananisha waumini na mwili mmoja: kiungo kimoja kikiugua, mwili wote hushirikiana nacho kwa kukesha na homa.

Lakini mbiu ikishalia na mwizi akakamatwa, lazima atokee mtu wa kuwaambia watu warudi majumbani. Asipotokea, watu wenye marungu watabaki barabarani, na usiku ukiingia wataanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Kazi hiyo ya kuwarudisha watu hufanywa na saitokini za kutuliza. Muhimu kati ya hizo ni hizi:

1. Intalukini 10 (IL-10). Hii ndiyo inayojulikana zaidi. Huziamuru chembe walaji ziache kutoa TNF, IL-1 na IL-6.

2. TGF-beta. Hii huzuia chembe nyeupe zisizaliane kupita kiasi na husaidia jeraha kufunga. Ikizidi, nayo huacha makovu magumu ndani ya viungo kama mapafu na ini.

3. IL-1Ra. Hii hukaa kwenye kipokezi cha IL-1 bila ya kukifungua, mfano wa ufunguo usio wake uliokwama kwenye kitasa, ili ufunguo wenyewe usipate nafasi ya kuingia.

4. Intalukini 4 (IL-4). Hii ina nyuso mbili. Hutuliza chembe walaji zinazosababisha uharibifu wa maungo, lakini katika njia za pumzi ni miongoni mwa wachochezi wa pumu.

IL-10 haitoki pamoja na TNF. Kijidudu kikiingia, TNF hutangulia, na IL-10 hufuata baada ya saa kadhaa. Kuchelewa huku kuna hekima kubwa. Ingetangulia, vijidudu vingeenea bila ya kupigwa. Isingetoka kabisa, vita visingekwisha. Inapofika hushika kipokezi chake juu ya chembe mlaji, na habari huingia mpaka kwenye kiini cha chembe, ambako jeni za saitokini za kuchochea hunyamazishwa.

Wanaotoa IL-10 na TGF-beta kwa wingi ni chembe nyeupe maalumu ziitwazo chembe T za usimamizi. Mwaka 1995 mtaalamu wa Kijapani Shimon Sakaguchi alizitambua chembe hizi. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell walieleza jeni ambayo baadaye ilidhihirika kuwa ndiyo inayoziongoza, nayo inaitwa FOXP3. Wote watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025.

IL-10 ILIVYOGUNDULIWA

Mwaka 1989, katika maabara ya DNAX huko Palo Alto, California, Tim Mosmann na wenzake walikuwa wakichunguza aina mbili za chembe T. Waliona kuwa aina moja ikiwepo, aina ya pili hupunguza kutoa saitokini zake. Wakatambua kuwa aina ya kwanza hutoa kitu kinachozuia. Kitu hicho ndicho kilichokuja kuitwa intalukini 10.

Je, mtu au mnyama akikosa kitu hiki huwaje? Jawabu lilipatikana mwaka 1993. Watafiti wa Kijerumani wakishirikiana na wa DNAX walizalisha panya wasio na jeni ya IL-10. Panya hao walidumaa, wakapungukiwa na damu, na matumbo yao yakapata mchochota sugu. Waliofugwa katika mazingira safi sana waliugua sehemu ndogo tu ya utumbo mpana. Na mwaka 1998 ilionekana kuwa panya wa aina hiyo wakilelewa bila ya bakteria yoyote matumboni, ugonjwa huo hauwapati.

Tulizingatie jambo hili. Bakteria wanaoishi matumboni mwetu ni matrilioni kwa matrilioni, na wengi wao ni marafiki wanaotusaidia kusaga chakula. Panya wa kawaida huishi nao kwa amani. Yule aliyekosa IL-10 huwaona marafiki wale wale kama maadui. Bakteria hawakubadilika. Kilichobadilika ni kukosekana kwa mwenye kusema, "Hawa si maadui, tulieni."

WATOTO WALIOZALIWA BILA YA MZIMAJI

Kwa muda wa miaka mingi watu walijiuliza kama jambo hili lipo kwa wanadamu. Mwaka 2009 madaktari wa Ujerumani na Uingereza walitangaza habari za watoto walioanza kuugua matumbo wakiwa wachanga, chini ya umri wa mwaka mmoja. Walikuwa wakiharisha damu, wana vidonda vibaya karibu na njia ya haja kubwa, na dawa za kawaida zilishindwa. Jeni za watoto 9 zilichunguzwa, na watoto 4 kati yao wakakutwa na kasoro katika kipokezi cha IL-10. Miili yao ilikuwa ikitoa IL-10 lakini chembe zao hazikuweza kuisikia. Mtoto mmoja alipandikizwa uboho wa mtu mwengine, akapata chembe nyeupe mpya zenye vipokezi kamili, na ugonjwa ukatulia.

Mwaka huo huo wa 2009 walielezwa watoto wengine waliozaliwa bila ya IL-1Ra. Tangu siku za mwanzo za maisha walikuwa na mapele ya usaha mwili mzima na mchochota ndani ya mifupa. Madaktari walikuwa tayari na dawa iitwayo anakinra, ambayo ni IL-1Ra iliyotengenezwa na binadamu, iliyoruhusiwa Marekani tangu mwaka 2001 kwa ajili ya baridi yabisi ya maungo. Watoto walipodungwa dawa hiyo kila siku, hali zao zilibadilika haraka.

Wazazi wetu wana mafunzo mawili hapa.

La kwanza, maradhi haya yanarithiwa kutoka kwa baba na mama kwa pamoja. Kila mmoja huwa amebeba nakala moja yenye kasoro na nakala moja nzima, na mwenyewe haugui. Kila mimba inakuwa na nafasi moja katika nne ya mtoto kupata nakala mbili mbovu. Si haki, basi, kumlaumu mke peke yake wala kusema kuwa ameleta mkosi nyumbani.

La pili, wazazi wakiwa ni ndugu wa damu, nafasi ya wote wawili kubeba kasoro ile ile huwa kubwa zaidi. Baadhi ya familia za watoto wale waliogunduliwa mwaka 2009 zilikuwa za ndoa za jamaa. Sheria yetu imeruhusu ndoa ya mabinamu na hatuna mamlaka ya kuharamisha kilichohalalishwa. Lakini familia ambayo imezika watoto wachanga wawili au watatu kwa maradhi yanayofanana, ni vizuri wamweleze daktari habari hiyo kabla ya kuozesha tena ndani ya ukoo. Kutaka ushauri ni katika kuchukua sababu, na kuchukua sababu hakupingani na kutawakali.

MIZANI INAPOPOTEA KWA WATU WAZIMA

Watoto wa namna hiyo ni wachache sana. Wagonjwa wengi wa mchochota sugu wana jeni zao nzima na wana IL-10, lakini haitoshi au haifiki panapohitajika.

Tuchukue baridi yabisi ya maungo. Maji ya ndani ya goti la mgonjwa yakipimwa, TNF huonekana nyingi. IL-10 na IL-1Ra nazo zimo! Wazimaji wamefika, ila moto umewashinda. Ndiyo maana gegedu na mfupa huendelea kuliwa kidogo kidogo, na vidole vya bibi hupinda. Hali hii haitokani na kuoga maji ya baridi wala kutembea kwenye umande, ijapokuwa jina la ugonjwa limebeba neno baridi.

Katika pumu, njia za pumzi huwa na mchochota hata siku ambazo mgonjwa hakohoi. Vumbi au moshi ambao wengine huupuuza, kwake huwa ni mbiu ya vita. Mfano mzuri wa kinyume chake ni wafugaji wa nyuki. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 ulionesha kuwa wafugaji wanaodungwa mara nyingi huongezeka chembe T zenye kutoa IL-10 msimu wa nyuki unapoanza, na mwili wao hujifunza kuivumilia sumu ile. Msimu ukisha, chembe hizo hupungua tena. Allah (S.W.) ametuitia sura nzima kwa jina la nyuki, na katika kudungwa kwake kumbe pia kuna somo.

Hata malaria ina habari hii. Mwaka 1999 watafiti waliotazama watoto wa magharibi ya Kenya waliona kuwa wale waliopungukiwa na damu kwa sababu ya malaria walikuwa na IL-10 kidogo ukilinganisha na TNF yao. Kiwango cha kila moja peke yake hakikutosha kueleza hali ya mtoto. Iliyoeleza ni mizani baina ya hizo mbili.

KWA NINI TUSIDUNGWE IL-10 TU?

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kama IL-10 inazima moto, kwa nini isitengenezwe ikadungwa kwa wagonjwa? Ilitengenezwa. Majaribio kwa wagonjwa wa Crohn, ambao ni mchochota sugu wa matumbo, yalitangazwa kuanzia mwaka 1997. Matokeo hayakufikia matumaini. Dawa ilikuwa ikitoweka kwenye damu baada ya saa chache, na haikufika kwa kutosha kwenye ukuta wa utumbo. Na ilipoongezwa kipimo, iliamsha saitokini nyengine ya kuchochea iitwayo intaferoni gama. Aidha IL-10 huzisaidia chembe zinazotengeneza kingamwili. Katika ugonjwa wa lupasi, ambamo kingamwili hushambulia mwili wenyewe, IL-10 huwa juu na inaweza kuwa ni sehemu ya tatizo.

Madaktari wakaenda njia ya pili: badala ya kuongeza mzimaji, wakamnyamazisha mpiga mbiu. Mwaka 1992 huko London, Marc Feldmann na Ravinder Maini waliwapa wagonjwa wa baridi yabisi dawa inayoshika TNF na kuizuia. Wagonjwa ambao dawa nyengine ziliwashinda walipata nafuu kubwa. Leo dawa za aina hii hutumika duniani kote, ingawa bei yake bado ni kubwa kwa wengi wetu.

Hapa nako kulikuwa na funzo. Katika mwili wa mtu aliyewahi kupata vijidudu vya kifua kikuu, chembe nyeupe hujenga ukuta kuvizunguka, na TNF ni saruji ya ukuta huo. Mwaka 2001 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia moja ya dawa hizo. Tangu hapo mgonjwa hupimwa kwanza kifua kikuu kabla ya kuanza. Ukimnyamazisha mpiga mbiu kabisa, na mwizi wa kweli naye atapita.

VIDONGE VYEUPE: MANUFAA NA MADHARA YAKE

Sasa tufike kwenye jambo linalogusa nyumba zetu zaidi, nalo ni dawa za jamii ya steroidi, kama vile prednisoloni na deksamethasoni.

Dawa hizi zina asili yake katika mwili. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya kotisoli, ambayo hupunguza saitokini za kuchochea na kuzisaidia za kutuliza. Mwaka 1948, katika Kliniki ya Mayo huko Marekani, Philip Hench alimpa dawa ya jamii hiyo mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kujimudu, na baada ya siku chache akatembea. Hench na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Lakini haukupita muda mrefu wakaona gharama yake: uso kuvimba na kuwa duara, mifupa kudhoofu, sukari na shinikizo la damu kupanda, na vijidudu kupata nafasi.

Wakati wa Korona, mwaka 2020, jaribio kubwa lililofanyika Uingereza lilionesha kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni, haikuonesha faida yoyote. Dawa ni moja na ugonjwa ni mmoja. Tofauti ilikuwa ni wakati. Wa kwanza walikuwa wanaangamizwa na moto wa miili yao, na wa pili walikuwa bado wanahitaji moto huo kupigana na kirusi.

Kwa hiyo tunawausia ndugu zetu mambo haya:

Kwanza, usinunue steroidi dukani bila ya kuandikiwa na daktari. Nafuu ya siku mbili tatu huweza kuficha kifua kikuu au ugonjwa mwengine mpaka ukaenea.

Pili, aliyezitumia kwa wiki nyingi asiziache ghafla. Tezi zake huwa zimezoea kupumzika na haziwezi kuamka siku moja. Mtu huweza kuanguka, hata kufa. Daktari ndiye atakayepunguza kidogo kidogo.

Tatu, tujihadhari na dawa za "asili" zinazoponya maungo kwa siku moja. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu virutubisho vya maungo vilivyokutwa na deksamethasoni ndani yake bila ya kutajwa kwenye kibandiko. Hatuzikatai dawa za miti. Tunachokataa ni udanganyifu.

Nne, pampu ya pumu yenye steroidi ni jambo jengine. Kipimo chake ni kidogo na huenda moja kwa moja kwenye mapafu. Wazazi wengi huiogopa wakidhani mtoto ataizoea, wakabaki na ile pampu ya kufungua njia peke yake. Pampu ya kufungua haizimi mchochota. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hautaki mgonjwa wa miaka 12 na zaidi aitegemee hiyo peke yake. Na kwa watoto wadogo pia, daktari akiandika pampu ya kuzuia, basi itumike kila siku alivyoagiza, hata mtoto akiwa mzima. Mtoto wa pumu hufa usiku ambao kila mtu alidhani ni wa kawaida.

YA KUFANYA NYUMBANI

Yapo mambo yanayosaidia mizani ya mwili bila ya gharama kubwa, pamoja na dawa za hospitali na si badala yake.

Tule vyakula vyenye nyuzinyuzi: kunde, maharage, choroko, mboga za majani, matunda na ugali wa dona. Bakteria wazuri wa tumboni huzichachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi ndogo ndogo. Mwaka 2013 watafiti wa Japani na Marekani walionesha, kwa panya, kuwa asidi hizo huongeza zile chembe T za usimamizi kwenye utumbo. Tutembee na tufanye kazi za mikono, kwani misuli ikifanya kazi, IL-10 na IL-1Ra huongezeka kwenye damu kwa saa kadhaa. Tupunguze unene wa tumbo, kwa sababu mafuta yaliyozidi hayakai bure. Hutoa TNF mchana na usiku, na hii ni moja katika njia zinazoleta kisukari. Tumbaku tuiache kabisa, na mtoto wa pumu tumweke mbali na moshi wa jiko na wa udi.

Kwa Ramadhani, mgonjwa wa muda mrefu awaone watu wawili kabla ya mwezi kuandama: daktari wake, kuhusu nyakati za dawa, na sheikh wake, kuhusu hukumu ya pampu na vidonge. Allah (S.W.) amempa mgonjwa ruhusa, na asiivunje dawa kwa kuona haya mbele ya watu.

HITIMISHO

Katika Suratur-Rahman Allah (S.W.) anataja kuwa ameweka mizani na anatukataza kupita kiasi katika mizani hiyo. Hatusemi kuwa Qur'ani imezitaja saitokini. Qur'ani ni kitabu cha uongofu na si kitabu cha maabara. Tunachosema ni kuwa anayeitazama damu yake kwa jicho la elimu ataikuta mizani hata humo: cha kuwasha na cha kuzima, kila kimoja kwa wakati wake.

Basi tukimwona mwenye maungo yaliyopinda au mwenye kifua kinacholia, tusimwite mlogwa wala tusimwambie kuwa imani yake ni dhaifu. Ugonjwa wake unajulikana, una majina, na tiba zake zinazidi kupatikana. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kujitibu na kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Wazee nao walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tusome mapishi ya dawa kabla ya kuimeza, tumrudie daktari kwa miadi yake hata tukijisikia wazima, na nyinyi wanafunzi wetu mkazane na somo la biolojia skuli kama mnavyokazana na tajwidi hapa madrasa. Huenda dawa ambayo wenzetu hawajaipata mpaka leo, mmoja wenu akaipata.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu wote, awape subira wanaowauguza, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.